Suti ya Bwana Harusi

Leo mtanisamehe, wapendwa, maana nawapeleka mahali panaponuka.

Kulikuwa na mlevi mmoja, mdogo wake bwana harusi. Siku ya harusi ya kaka yake, kamati ilimpa sahani ya pilau ikamwambia akae nyuma ya nyumba, asije akaaibisha ukoo mbele ya wakwe. Akakaa. Alikuwa amekunywa tangu asubuhi, tena si kwa furaha, kwa uchungu wa kufichwa. Alipoinuka kwenda kujisaidia, akakanyaga magogo yaliyooza juu ya choo cha zamani, na choo kikammeza.

Mnacheka. Chekeni, lakini mwenzenu alikuwa kwenye uchafu hadi kifuani, mkono umevunjika, na hewa ya mle ndani inaua. Alijua anakufa.

Akapiga kelele. Watu wakaja, wakajazana kwenye ukingo wa shimo. Mmoja akamwambia, "Si tulikukataza pombe wewe?" Kweli alikatazwa. Mwingine akatupa kamba. "Shika, ujivute." Kwa mkono upi? Wa tatu akasema tumwombee. Nawauliza, katika hao watatu nani alikuwa mbaya? Hakuna. Ila wote walikuwa juu.

Mlevi akaacha kuita. Kisha akasikia sauti ya shangazi yao: "Baba, niachie koti hilo nikushikie, basi, au usiende kabisa. Wewe leo ni mtu wa meza kuu. Tutatafuta kibarua aingie."

"Shangazi, huyu tumenyonya ziwa moja," kaka yake akajibu. "Kibarua ataingia humo kwa lipi?"

Udongo ukamwangukia mlevi kichwani. Akatazama juu, akaona soli za viatu vipya zinashuka.

Kaka mtu hakubaki ananing'inia. Alizama hadi kifuani vilevile, akavuta hewa ileile, akafungua kamba kiunoni mwake.

"Kaka, suti yako," mlevi akasema, analia.

"Nyanyua mikono nikufunge."

Hilo tu ndilo alilotakiwa kufanya. Akanyanyua, ule mzima na ule uliovunjika, akavutwa kwanza yeye. Kamba ikarudishwa chini. Bwana harusi alipotolewa alilala kama maiti, shangazi akaanza kulia msiba, hadi alipokohoa.

Mnadhani imeisha? Wakamwagiwa maji. Mlevi akaanza kunyata kuelekea migombani atoroke. Shangazi akaleta suti ya pili, ile ya kubadilisha jioni, na nyingine safi haikuwepo. Bwana harusi akaipokea, akamwita mdogo wake, akamvisha. Akamfunga vifungo kimoja kimoja, akavua tai yake akamfungia ule mkono. Kisha yeye mwenyewe, na suti yake ya shimoni, akamshika ndugu yake, akampitisha katikati ya wageni mpaka meza kuu. Muziki ukazimwa. Wakwe wakafunika pua.

Bwana harusi akasema, "Anayetaka kumtoa mtu anayenuka, aanze na mimi."

Zamani, imani yetu ikiwa bado changa, walikuwepo wasomi walioona aibu kama yule shangazi. Walisema Mungu hawezi kuwa na mwili unaotoka jasho, kwamba alikuja kama kivuli, akaonekana tu kuwa mtu. Wazee wetu wa imani walikataa, na mimi hapa nakataa. Kivuli kingemtoa nani shimoni? Kivuli hakifungi kamba. Alishuka kweli, kwa nyama na damu, akavuta hewa yetu mpaka ikamuua. Na mwili huo hakuuacha kaburini wala hakuuvua alipopaa. Ameketi nao meza kuu, kuume kwa Baba, na sisi ametuvisha suti yake. Kwa hiyo tusijitape kwamba tulipanda wenyewe. Tulinyanyua mikono, basi. Na siku shetani atakapokuambia hapa si pako, usibishane naye kuhusu harufu yako. Mwambie amtazame aliyekaa kando yako.

Lakini kuna jambo hamjaniuliza. Bibi harusi alifanya nini, alipoona mlevi anakalishwa kwenye meza yake? Sikuwaambia kwa sababu bado sijui. Bibi harusi ni kanisa, ni sisi tuliomo humu ndani. Na yule mlevi wetu, yule mnayemjua, amesimama nje ya mlango huo tangu wimbo wa kwanza, anaangalia kama tutafunika pua.