Basi la Shemeji

Palikuwa na sultani mmoja, Feruzi, mwenye huruma nyingi kwa shemeji zake. Mmoja wao, Nadhimu, alipewa leseni ya basi la Kilima Ndege, na kila mwezi hazina ikampa ruzuku ili nauli isipande. Na kweli haikupanda. Ingepandaje, na basi lenyewe halijawahi kutoka uani?

Watu wa Kilima Ndege walibebwa na Bi Zuwena, mjane mwenye basi kuukuu lililofungwa bampa kwa kamba, na ulimi usiofungwa kwa chochote. Leseni hana. Siku moja akakamatwa amepakia bibi harusi, kungwi na ngoma zao, akafikishwa barazani.

"Njia hiyo ina basi tayari," akasema Sultani. "Sheria yangu hairuhusu mawili. Lako nalichukua."

"Lipi hilo, Mtukufu? Mbona hatujaliona?"

"Hazina inalilipia kila mwezi. Litakosaje kuwepo?"

"Hebu kesho lipande wewe. Likikufikisha Kilima Ndege, langu chukua."

Baraza likacheka. Sultani akaona haya kukataa.

Asubuhi akashushwa kituoni, nje ya mji, yeye na karani wa leseni mwenye muhuri kwapani. Gari lake akalirudisha kwa majivuno. Wakangoja. Jua likawaka, kilemba kikalowa. Nadhimu alikuwa kalala. Nani angemwambia kwamba leo basi linatakiwa liende?

Adhuhuri likaja la Bi Zuwena, tupu, likasimama.

"Fungua mlango," akasema Sultani.

"Sina leseni, Mtukufu. Nikikupakia nitashtakiwa."

"Kwa nani? Sheria ni mimi."

"Ndiyo maana naogopa."

"Karani, mpe leseni."

"Haiwezekani," akasema Bi Zuwena. "Njia hii ina basi tayari."

"Wewe mwanamke, hapa hakuna basi! Halipo! Halijawahi kuwepo!"

Bi Zuwena akamgeukia karani. "Umemsikia mwenyewe. Gonga muhuri."

Karani akagonga. Mlango ukafunguka. Sultani akapanda, akaketi, akajifuta jasho.

"Sasa najua utakalo," akanung'unika. "Unaitaka na ile ruzuku ya shemeji yangu."

"Hapana, Mtukufu, mwachie," akasema Bi Zuwena, akitia gia. "Kuanzia leo atahitaji nauli ya kupanda langu."