Hesabu ya Masinia na Umri wa Sultani

Palikuwa na sultani mmoja pale Kisimawe, Sultani Hatwibu, aliyewaogopa watu wake kuliko adui. Hakuogopa kwamba watamuua. Aliogopa kwamba watakuwa wengi. Nyuma ya jumba lake alikuwa na shamba la michungwa, na kila alipomwona mama mjamzito akipita njiani, alikwenda kuhesabu machungwa.

Akasikia sifa za bwana mmoja wa ng'ambo, Mwalimu Shatri, mjuzi wa kubashiri idadi ya watu. Akamwita. Shatri akaja na daftari kubwa, akakaa jumbani mwaka mzima na ushei akila kuku.

Sasa sikilizeni alivyohesabu, maana mambo yote yanaanzia hapa. Alianza msimu wa mpunga, wakati nusu ya mji imehamia mashambani kufukuza ndege. Akahesabu waliobaki, akapata watu mia nne. Mwaka uliofuata akaona uvivu kuzunguka nyumba kwa nyumba, akangoja siku ya harusi kubwa. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wa Kisimawe hula wanne kwa sinia. Akasimama mlangoni pa jiko, akahesabu masinia mia mbili, akaandika watu mia nane. Hakujua kwamba nusu ya walaji walikuwa wageni wa vijiji vya jirani. Wala hakujua kwamba kwetu sisi mwanamume mwenye heshima zake hula barazani na wenzake, akanawa, akapita uani, akala tena.

Shatri akamwendea Sultani uso umemparama. Akasema mji umezidi maradufu kwa mwaka mmoja, na utaendelea kuzidi hivyo kila mwaka. Baada ya miaka kumi Kisimawe itakuwa na watu laki nane, elfu kumi na tisa na mia mbili. Wale mia mbili wa mwisho, akasema, watakosa pa kulala isipokuwa juu ya paa la jumba.

Sultani akapiga amri siku ile ile. Hakuna harusi Kisimawe kwa miaka kumi, na bibi harusi yeyote atakayekaidi atafukuzwa mjini. Wenye ndoa nao walale vyumba mbalimbali. Nyumba nyingi za Kisimawe zina chumba kimoja, lakini hilo Sultani angelijulia wapi.

Mji ukanung'unika chini chini. Aliyenyanyuka ni Bi Mize, mkunga, mjane asiye na kitu ila ulimi. Binti yake wa pekee, Kibibi, alikuwa aolewe Ijumaa. Keshawekwa ndani, keshasingwa mwili kwa liwa inukiayo, na masinia ya kuazima yamekwisha kusanywa. Bwana harusi alikuwa seremala, na Bi Mize aliwajua vizuri maseremala: hakuna hata mmoja anayengoja miaka kumi. Alikuwa na hasira za kumla mtu.

Akaenda barazani kwa Sultani, alipokaa na wazee wake na Mwalimu. Akaeleza kwamba mwaka ule amepokea watoto ishirini na mmoja, na watu tisa wamezikwa. Waliozidi ni kumi na wawili. Hao mia nne aliowaongeza Mwalimu walizaliwa na nani, na yeye mkunga alikuwa wapi?

Shatri akacheka kwa puani, akasema mkunga ana vidole na yeye ana elimu. Elimu yenyewe ni nyepesi: yalivyokwenda jana, ndivyo yatakavyokwenda kesho.

"Umesikia?" Sultani akasema. "Hesabu haikosei."

"Haikosei kwetu sisi tu, Bwana Mkubwa, au hata kwako?"

"Hata kwangu."

"Na wazee hawa ni mashahidi?"

"Ni mashahidi. Sema shida yako uende."

Bi Mize akamgeukia Shatri, sauti yake sasa laini, akamwomba amfundishe kidogo hiyo elimu.

"Makaburi ya masultani uliyapitia, Mwalimu?"

"Yote. Nimeyaandika humu."

"Babu yake baba wa Sultani alikufa na miaka mingapi?"

"Themanini na moja."

"Na babu yake Sultani mwenyewe?"

Hapo Shatri akapapasa kurasa, akasema babu mzaa baba alikufa na sabini na moja.

"Na baba mwenyewe?"

"Sitini na moja," Shatri akasema, akifurahi kuulizwa vitu anavyovijua. "Kila mmoja amepungua miaka kumi kamili. Mfano mzuri sana huu."

"Basi anayefuata?"

"Hamsini na moja," akajibu, kisha kalamu ikamdondoka.

Mzee mmoja akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuja nacho.

"Mimi nina miaka arobaini na mitano," Sultani akasema upesi.

"Bwana Mkubwa, aliyekupokea ni mama yangu. Mimi nilishika beseni. Ulitangulia matako, ukatutoa jasho kutwa nzima, na mwezi uliopita umetimiza hamsini na miwili."

Sultani akamtazama Shatri. Shatri akalitazama daftari, akaanza kusema kwamba kwa masultani hesabu huenda ina njia nyingine.

"Haina," Bi Mize akamkata. "Mwenyewe kasema hata kwake, na wazee wamesikia. Basi Bwana Mkubwa, chagua. Kama hesabu ya Mwalimu ni ya uwongo, amri imeanguka, na mwanangu anaolewa Ijumaa. Kama ni ya kweli, wewe ulikwisha kufa mwaka jana, na sisi hatufuati amri ya marehemu. Mwanangu anaolewa Ijumaa, na hitima yako tunaisoma Jumamosi, maana masinia tumekwisha azima."