Kibuyu Kilichozibwa kwa Gunzi

Wapendwa, leo tumekusanyika kuwashukuru waliosomesha wachungaji wetu. Wapo walioketi hapa mbele, waliosafiri siku mbili kutufikia. Wapo pia walioketi huko nyuma, akina mama wa mitaa yetu, ambao hawakutegemea kutajwa. Kabla kwaya haijasimama, naomba masikio yenu.

Palikuwa na mjane mmoja aliyeishi juu mlimani. Kanisa la kijiji chake lilikuwa na paa, lilikuwa na mabenchi, lilikuwa na kengele. Mchungaji halikuwa naye. Mchungaji alipanda huko mara moja kwa miezi mitatu, akabatiza watoto, akawaombea waliokwisha kuzikwa, akashuka. Kwa hiyo siku mjane aliposikia kwamba bondeni kumefunguliwa chuo cha kufundisha wachungaji, na kwamba chuo kinatafuta watu wa kukisaidia, alirudi nyumbani akatazama juu ya meko.

Juu ya meko, kwenye moshi, vilining'inia vibuyu viwili. Ninyi mliolelewa milimani mnajua. Maharage ya kula hukaa guniani. Maharage ya mbegu huchaguliwa moja moja, huchanganywa na majivu yasiliwe na wadudu, hutiwa kibuyuni, na kibuyu huzibwa kwa gunzi la mahindi. Mtu akiona lile gunzi haulizi. Mjane alikuwa na vibuyu viwili vya mbegu, basi. Kimoja akakiacha palepale. Cha pili akakifuta masizi, akampa mzee wa kanisa akipeleke chuoni. Hakutuma barua. Nani humwandikia mtoto wa mkulima kwamba hii ni mbegu?

Mwaka ule mvua ilianza vizuri, kisha ikakatika. Maharage ya mjane yalichanua, yakanyauka kabla ya kuweka maganda. Hakuvuna hata ya kujaza kiganja. Msimu mwingine ulipokaribia, jirani yake akamwuliza, "Sasa shoga, utapanda nini?"

"Mbegu yangu iko bondeni," akasema. "Kule kuna mto. Nitaomba kibuyu kimoja tu, nirudi nacho."

Akashuka kwa miguu, kibuyu kitupu mgongoni. Alipofika chuoni, loo, alipokelewa! Mkuu wa chuo aliwaita wanafunzi wote. Wakamwimbia. Wakamfunga kitenge kipya juu ya kile kilichopauka. Wakamkabidhi cheti cha shukrani chenye mhuri, jina lake kwa herufi kubwa, na kioo juu yake.

"Shikamoo, bibi," akasema mkuu wa chuo. "Maharage yako hatutayasahau."

"Marahaba, mwanangu."

"Yalikuwa matamu, bibi!" akadakia mwanafunzi mmoja mcheshi. "Ila majivu! Tuliyaosha mara tatu. Tukaulizana, jamani, huko mlimani watu wanakula na jiko lenyewe?"

Wote wakacheka. Mjane hakucheka.

"Mliyala?"

"Yote, bibi! Siku ileile. Tulilamba hadi sahani."

"Na shamba liko wapi?"

"Shamba gani, bibi?"

Mjane akawatazama mmoja mmoja, hadi akamwona kijana aliyetoka kijiji cha jirani na chake. Alimjua tangu akibebwa mgongoni.

"Wewe ni wa kwetu. Mama yako huziba nini kwa gunzi?"

"Mbegu, bibi."

"Kibuyu changu kilifunguliwa na nani?"

Kijana akainamisha kichwa. "Mimi, bibi. Gunzi nililiona. Lakini tulikuwa na njaa, na siku hizi mimi ni mwanafunzi. Nikajiambia kulima ni kazi ya nyumbani."

Mjane hakumkemea. Alikuwa anawaza shamba lake lililokwisha kutifuliwa, na kibuyu kilichokuwa chepesi mgongoni. Akaomba maji ya kunawa uso. Wakamwelekeza nyuma ya jiko.

Huko nyuma, kwenye ua wa matete, akasimama. Maharage yalikuwa yametambaa kwenye ua, kutoka pembe hadi pembe, maganda yamekauka, yanalia kila upepo ukiyagusa. Akapasua ganda moja. Mekundu, yenye madoa meupe. Yake.

"Nani alipanda haya?" akamwuliza mpishi.

"Hayo? Hakuna aliyepanda, bibi. Siku ile nilimwaga hapo maji ya kuoshea, na punje chache zikaniponyoka. Tangu hapo namwaga maji tu."

Mjane akaanza kuvuna. Wanafunzi wakamfuata, yule mcheshi pia. Mkuu wa chuo akasema, "Tusamehe, bibi. Chukua yote."

"Nachukua nusu, nikapande. Nusu pandeni ninyi." Akaziba kibuyu chake kwa gunzi. Kisha akamrudishia mkuu wa chuo kile cheti. "Mlichoshika mmekila, wanangu. Kilichowaponyoka ndicho kilichozaa."

Akapanda mlima.

Wapendwa, sisi tuliosomeshwa tumefanya nini? Nasema sisi, maana mimi nami nilikula chuoni miaka minne. Waliotusaidia hawakutaka tushibe sisi tu. Walitupa mbegu, na wengine walibakiwa na kibuyu kimoja. Sisi tukaiosha majivu, tukaila, tukaandika barua nzuri za shukrani. Tumejaa mjini, wahubiri watatu katika mtaa mmoja, wakati kule juu kengele inalia na mimbari ni tupu. Je, tunataka Bwana avune kwetu yale tu yaliyotuponyoka?

Kwaya itaimba. Vitenge viko tayari, na vyeti pia. Ni vizuri, tutavitoa kwa mikono miwili. Lakini ninyi mlioketi mbele, na ninyi akina mama wa nyuma, msikubali kuondoka na kitenge peke yake. Baada ya wimbo, mshikeni mkono kila mchungaji mliyemsomesha, mkianza na mimi, mkamwulize: shamba liko wapi?

Na kati yetu asiye na la kuwaonyesha, leo aimbe polepole, huku akiwaza alipoliacha jembe lake.