Shangazi wa Mashine ya Miwa

"Ukimziba shangazi mdomo, harusi hugeuka matanga." Naona mnacheka. Kishikeni kwanza hicho kicheko. Methali hii ilianza hivi.

Lutengano alikuwa fundi wa mota, akaunda kwa mikono yake mashine ya kukamua miwa. Chipu ndogo iliipa mota umeme kwa mapigo ya haraka: mapigo yakirefuka, magurudumu ya chuma yalikwenda kasi, yakifupika, polepole. Humo aliweka waya wa ulinzi. Umeme ukizidi, waya ule ulikata mapigo papo hapo, bila kuomba ruhusa. Aliuita Shangazi, kumtania dada yake Tusekile, maana kwao shangazi akikataa posa, hakuna mzee wa kupinga.

Asubuhi ya harusi ya Tumpe, binti wa Lutengano, Tusekile ndiye aliyewakamulia wageni miwa. Mashine ikazima. Ikawashwa, ikazima tena. Wakwe walikuwa wanatazama, na Lutengano akaona haya.

"Kaka, ifungue uiangalie," Tusekile alisema. "Haikatai bure."

"Nyie mashangazi mmezidi kukataa!" Akauhamisha ule waya, akauunga mahali ambapo hautahisi kitu. "Huyu nimemziba mdomo. Haya, kamua."

Watu wakacheka. Tusekile naye akacheka, masikini.

Haikuchukua muda muwa ukakwama. Umeme ukazidi, na wa kuukata hayupo. Vifaa vya kupitishia mapigo vikaungua, vikashikana, umeme ukapita mfululizo. Muwa ulipopasuka, magurudumu yalianza kuzunguka ghafla kwa kasi, yakanasa mkono wa gauni jipya la Tusekile.

"Zima, kaka! Zima!"

Lutengano akabonyeza swichi. Lakini swichi ile ilizungumza na chipu tu, na chipu haikuwa na amri tena. Akabonyeza na kubonyeza. Alipokumbuka kung'oa waya wa betri iliyoipa mashine umeme, mkono wa Tusekile ulikuwa umeliwa hadi begani. Tusekile alikata roho njiani kwenda hospitali.

Turubai la harusi halikushushwa. Waombolezaji walikaa chini ya turubai lilelile, wakala wali uleule. Tumpe alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, mashine imefunguliwa, beringi iliyovunjika, ile iliyokuwa ikikwamisha magurudumu tangu asubuhi, iko mkononi. Kitu cha kubadilisha kabla chai haijapoa.

"Shangazi alikataa, baba," alisema. "Wote wawili walikataa. Ukawaziba mdomo."

Hakumwambia neno jingine, siku ile wala mwaka ule.

Sasa chekeni, kama mnaweza. Ukimziba shangazi mdomo, harusi hugeuka matanga.