Uji wa Jina la Bi Chiku

Mmeshanawa mikono?
Tumenawa.
Kuna aliyebaki nje?
Hayupo.
Basi kisa kiko jikoni, kinatokota.
Kipakue tukile.

Zamani hizo nyasi ziliota mpaka milangoni, na wanyama wa majabalini walijuana kwa majina. Humo aliishi Mama Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, mnene kiasi, asiye na mkia wa kujivunia. Huyu alikuwa na mume aliyependa kuota jua, watoto wanne waliopenda kula, na wa tano, wa kike, aliyezaliwa siku tatu tu nyuma. Huyo hakuwa na jina bado.

Desturi ya majabalini ni hii. Mtoto hupewa jina siku ya saba, na hupewa jina la mtu. Siku hiyo hupikwa uji wa mtama na karanga, chungu kizima, bwata, bwata, bwata. Bakuli la kwanza hupewa mwenye jina. Kama mwenye jina amekufa, hula mwanawe. Ni bakuli moja tu. Chungu kinachobaki ni cha mzazi, apate maziwa.

Ndivyo ilivyokuwa enzi za Bi Sikudhani, mama yake Mama Pimbi. Mama Pimbi alimkumbuka akikoroga uji kwa mwiko wenye ufa, akiuonja kwa ncha ya ulimi na kusema haujaiva hata kama umeiva, ili watoto wajue kusubiri. Mikono yake ilinukia moshi na karanga. Alikufa kiangazi kilichopita, na tangu hapo hakuna aliyeliita lile jina. Mama Pimbi hakuwa mtu wa kulialia. Kuni haziokotwi na anayelia. Lakini alitaka siku moja asimame mlangoni, aite, "Sikudhani, njoo ule," na mtu aitike.

Tatizo lilikuwa Nyani.

Nyani aliitwa Gomboro. Alikuwa na kifua kipana kama mlango na meno marefu kuliko subira yake. Miaka kadhaa nyuma aligundua kwamba mwenye jina hula kwanza. Tangu siku hiyo, akisikia mtoto amezaliwa, huja, puu, puu, puu. Hukaa mlangoni, jiwe hulia, krrr. Haondoki mpaka mtoto aitwe Gomboro. Kisha hula bakuli la kwanza, hula la pili, hula la mwisho, halafu hukwangua chungu, kwaru, kwaru, kwaru. Na nani angemwambia aondoke? Majabalini walikuwapo akina Gomboro kumi na mmoja. Mama mmoja akiita, "Gomboro, uji," walikuja wote kumi na mmoja, na wa kumi na mbili alikuwa Nyani mwenyewe, bakuli mkononi.

Mtoto wa nne wa Mama Pimbi aliitwa Gomboro. Uji ulipoliwa wote, maziwa yalikatika, na yule mtoto mpaka leo ana miguu kama vijiti. Safari hii mtama uliobaki ulitosha chungu kimoja.

Majirani walikuja na majina yao. Bi Kanga alipendekeza Mwanamvua, kwa kuwa siku ile ilinyesha. Mama Pimbi akasema alimjua Mwanamvua mmoja ambaye hakuwahi kurudisha ungo wa mtu. Bi Kanga akasema basi Zaituni. Zaituni alimnyang'anya Mama Pimbi karanga walipokuwa wadogo, na Mama Pimbi alikuwa hajasahau. Mumewe, amefumba macho juani, akasema lolote litafaa mradi liwe fupi. Mama Pimbi aliona kwamba kila jina lilikuja na mtu wake, na mtu huyo akaingia ndani na tabia zake zote, akakaa kitako.

Hapo ndipo alipopata wazo.

Siku ya saba akaja Nyani, puu, puu, puu. Akakaa mlangoni, jiwe likalia, krrr. Uji ulikuwa motoni, bwata, bwata, bwata.

"Hodi. Gomboro wangu mpya yuko wapi?"

"Karibu, kaka. Safari hii ni wa kike."

Nyani akasema hata wa kike jina hilo linampendeza. Mama Pimbi akakubali kwamba linampendeza sana. Ila akaona ajabu, akasema, kwamba Bi Chiku, mama yake Nyani, alikufa miaka mingi na hana wajina hata mmoja. Tena mtoto akiitwa Gomboro, Nyani atakula kwa jina moja. Akiitwa Chiku, atakula bakuli la marehemu kwa kuwa ni mwanawe, na la pili kwa kuwa ni mgeni mkubwa, bila mtu kunung'unika.

Nyani alikuwa akila uji wote kila mara, lakini kuula kwa haki hakuwahi. Wazo hilo likampendeza tumboni. Akasimama mbele ya majirani, akalitamka jina mara tatu kama desturi inavyotaka: Chiku, Chiku, Chiku. Mama Pimbi akapakua uji, akatia karanga juu, akaliweka bakuli mbele ya mtoto.

Nyani akanyoosha mkono.

"Kaka Gomboro," akasema Mama Pimbi kwa upole, "hujamwamkia mama yako."

Bi Kanga akaacha kutafuna. Kila mtu majabalini anajua: mtoto akipewa jina la mama yako, ndiye mama yako. Unamwamkia, unampa heshima, na huli kabla yake. Baba Pimbi mwenyewe kila asubuhi alimwamkia kifunguamimba wake, kwa kuwa ana jina la babu.

Nyani akatazama huku na huku. Akainama.

"Shikamoo, mama."

Mtoto akapiga chafya.

"Marahaba, amesema," akasema Mama Pimbi.

Nyani akanyoosha mkono tena. Mama Pimbi akamuuliza kama siku hizi wana wanakula kabla ya mama zao. Mkono ukarudi. Nyani akauliza, basi mama atakula saa ngapi.

"Hana meno, kaka. Uji ataanza baada ya miezi sita. Sasa hivi ni maziwa tu, na maziwa hayaji mpaka mimi ninywe uji. Ngoja nikusaidie kumlisha mama yako."

Akanywa bakuli la kwanza. Akanywa la pili. Hakuharakisha. Tumbo la Nyani likalia, ngurrr, na hakuna aliyecheka kwa sauti.

Na kwa kuwa mwana haendi kwa mama yake mikono mitupu, kesho yake Nyani akaja na mtama. Keshokutwa akaja na karanga. Alikaa mlangoni akimtazama yule mtoto, akasimulia kwamba Bi Chiku alikuwa akimpiga mwiko wa vidole kila alipokimbilia chungu, akimwambia wengine hawajala. Alisimulia mara mbili. Mara ya pili akajishika vidole.

Mwezi ulipoisha alikuwa amekonda, akaomba jina la mama yake litolewe. Mama Pimbi akakubali, kwa sharti kwamba asionekane tena kwenye mlango wa mzazi. Nyani akaapa, akaondoka, puu, puu, puu.

Mama Pimbi akapika uji upya, akamwita mtoto Sikudhani. Bakuli la kwanza ni la mwana wa marehemu, na mwana alikuwa yeye. Akalichukua, akalifikisha mdomoni, akasita. Majirani walikuwa wanamtazama. Akaliweka chini, akamwinamia mtoto, akasema polepole, "Shikamoo, mama."

Halafu akala kwa niaba yake, maana uji ulikuwa unapoa.

Sikudhani alikua. Jioni mama yake alisimama mlangoni, akaita, na mtu akaitika. Na Nyani, kila alipokutana na Sikudhani njiani, aliinamisha kichwa na kumwamkia, pengine Bi Chiku bado yumo.

Funzo la kisa hiki, wanangu, ni kwamba jina si kitu. Mwite mtoto lolote linalokuja mdomoni, ulale.

Nimefika chini ya chungu.
Na sisi?
Kwangueni wenyewe.