Mfumo Mmoja, Majina Matatu

Ndugu zangu, walikuwepo watu waliotengeneza programu ya kompyuta na kuigawa bure. Programu hiyo humsomea kwa sauti mtu asiyeona. Kazi njema, au siyo? Waliifanya kwa kujitolea, na mwongozo wake wakauandika kwa kugawana kurasa.

Programu ilihitaji mfumo endeshi mmoja tu, ule unaoiwasha kompyuta na kuiongoza. Uliitwa Pambazuko. Mmoja akaandika hivyo hivyo, Pambazuko. Mwingine akafupisha, PZ. Mkongwe wao akauita Jogoo, maana zamani kompyuta ikiwaka ilitokea picha ya jogoo.

Dada mmoja aliyejiunga karibuni akaomba wachague jina moja, walitumie kila ukurasa. Mkongwe akacheka.

"Dada, hayo madogo. Hapa nani asiyemjua Jogoo?"

"Asiyemjua hapa hayupo," dada akajibu. "Lakini hatuwaandikii wa hapa."

Wakaliahirisha. Kila mtu alilipenda jina lake, si mnatujua sisi wanadamu.

Sasa, mwalimu mmoja wa watoto wasioona, huko mbali, akaipata programu ile. Akafurahi mno. Mtihani ulikaribia, na kwa mara ya kwanza watoto wake wangejisomea maswali bila kumtegemea mtu. Kompyuta yake ilikuwa na Pambazuko. Akafungua mwongozo, akakuta: hakikisha una Jogoo, mfumo mwingine wowote uondoe kwanza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama wa watu akatii. Akafuta. Na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na masomo yote aliyowarekodia watoto kwa sauti yake mwenyewe; yakafutika pamoja na mfumo.

Kisha akawaandikia kwa adabu: "Asanteni kwa kazi yenu. Mfumo wangu wa Pambazuko nimeshaufuta kama mlivyoagiza. Sasa huyo Jogoo nampata wapi?"

Mkongwe alisoma, akamwita yule dada.

Na sisi je? Anakuja mtu hapa anataka kubatizwa. Mzee wa kanisa anamwambia aende katekesi. Mama mmoja anamwambia mafundisho. Mimi natangaza darasa la msingi. Ni chumba kile kile, Jumamosi ile ile. Sisi tunaelewana, tunatikisa vichwa. Yeye anazunguka, anachoka, anakwenda zake. Halafu tunasema hakuwa na nia.

Alikuwa nayo, ndugu zangu. Alitusikiliza vizuri, akafuata tulivyosema, na maneno yetu ndiyo yaliyomtoa nje.