Kilemba cha Ukoka Alichovishwa Nyati

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, kabla mipaka haijachorwa, palikuwa na nyumba saba zilizozunguka kisima kimoja. Hazikuwa za kijiji chochote, hazikuwa na mkuu wala jina. Mtu akiulizwa anakaa wapi, alijibu, "Pale kisimani." Pimbi alipapenda mno. Alizaliwa pale, na mama yake alizikwa pale.

Kiangazi kimoja akaja Nyati, puu, puu, puu, vumbi tele. Akatangaza kwamba mahali pasipo na mkubwa ni pa mwenye pembe. Kisima ni chake, na wote wahame kesho.

Kanga akaangua kilio. Kobe akakimbilia kufungasha, ingawa nyumba yake iko mgongoni siku zote.

Pimbi akapiga magoti. "Shikamoo, mzee. Ukitufukuza sote, huo ukubwa utamfanyia nani?"

Nyati akajikuna. Hilo hakuwa amelifikiria.

Pimbi akasokota ukoka, akamvika kilemba. Akamweleza mila ya pale: mkubwa hunywa maji wa mwisho, akishamsikiliza kila mwenye shida. "Jambo hilo limewashinda wengi, mzee."

"Mimi naliweza," Nyati akasema, kichwa kimeshamvimba.

Alfajiri wakapanga foleni. Kanga akamshtaki Nungunungu kwa kukoroma. Nungunungu akamshtaki Kanga kwa kumwamsha. Kisha Kobe akaanza kusimulia ugomvi wa shamba tangu enzi za babu yake, taratibu, kama anavyotembea. Jua likawaka, Nyati akiyatazama maji, ulimi nje. Jua likazama, Kobe hajafika hata kwa baba yake.

Kesho yake Kobe akaendelea. Kesho kutwa pia, mpaka Nyati akavua kilemba.

"Pimbi, mwanangu, mkubwa wa hapa akichoka hufanya nini?"

"Huaga, mzee, akawa mgeni. Na mgeni kwetu hunywa wa kwanza."

Nyati akasema, "Kumbe ningekuja kama mgeni..."

"Ungekunywa siku ile ile," Pimbi akamwambia kwa upole, akamtekea mwenyewe, ndoo baada ya ndoo. Alimwonea huruma kweli.

Nyati akashukuru, akaenda zake, kilemba akakila njiani. Nyumba saba zikabaki pale kisimani, na Kobe hajamaliza kusimulia hadi leo.

Mkubwa ni jalala, wajukuu zangu. Asiyeweza kubeba ya wenziwe asiutamani ukubwa.